Bunduki ya Bei Rahisi na Mkono Unaoipokea

Je, ni halali mtu mwenye akili timamu, asiye askari wala mwindaji, anunue bunduki iliyotumika vitani, kwa sababu tu inauzwa rahisi na yeye hupenda kuitunza na kulengea shabaha? Swali hili si la kila siku katika ofisi ya gazeti. Wasomaji wetu hutuuliza zaidi habari za mahari, za mirathi, na za ng'ombe walioingia shamba la jirani. Lakini mzee mmoja wa Iramba ametuletea swali hilo katika barua ya kurasa tatu, kwa mwandiko mzuri wa watu wa shule za zamani, na tulipokwisha kuisoma tuliona kwamba jambo lake lawahusu watu wengi kuliko yeye mwenyewe alivyodhani.

Habari yenyewe ni hii. Mzee ana mwana aliyehamia Marekani, naye ni mkazi halali wa jimbo la Texas, ana kazi na familia. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 mwana huyo alianza kununua bunduki kuukuu za majeshi: kwanza moja ya Kirusi, aina ya Mosin-Nagant, yenye mhuri wa mwaka 1943, kisha nyingine mbili za namna hiyo, kisha moja ya Kiingereza, Lee-Enfield. Siku zile bunduki ya Kirusi iliweza kupatikana huko kwa chini ya dola 100, kwa maana ghala za nchi za Urusi na Ukraine zilikuwa zimejaa, na wafanyabiashara walizileta Marekani kwa makasha. Mwana haendi kuwinda. Siku moja moja ya Jumamosi huenda kwenye kiwanja cha shabaha pamoja na wenzake. Siku nyingine huzisafisha tu na kuzisoma alama zake. Sasa bei zimepanda mara kadhaa. Binti mdogo wa mzee amepata nafasi chuoni, na kaka yake ameandika kwamba yu tayari kuziuza zote nne ili alipe karo. Mama amefurahi sana, kwa kuwa tangu alipoonyeshwa picha zile kwenye simu hakuwa na amani. Lakini baba ana mashaka, naye ataka kujua mambo mawili: je, mwana alitenda dhambi kwa kuzinunua? Na fedha hiyo ikija, ni fedha safi?

Tuanze na lile la kwanza, wala tusianze kwa kulaumu. Wako watu wanaosema kwamba mtu hawezi kupenda bunduki ila ana kiu ya damu moyoni. Sisi hatuoni hivyo. Mwana amemweleza babaye kwamba zile za Kirusi za mwaka 1942 na 1943 zimechongwa kwa haraka, hata alama za tupa zaonekana juu ya chuma, kwa sababu adui alikuwa ameingia nchini mwao na kiwanda hakikuwa na nafasi ya kung'arisha. Na kwamba kwa kuzishika tu amejifunza habari za vita ile kuliko alivyojifunza darasani. Huyu ni mtu anayesoma historia kwa vidole vyake. Tena kulenga shabaha ni kazi ya pumzi, ya macho na ya subira, na mlevi au mwenye hasira haiwezi.

Mtakatifu Thomas wa Akwino alifundisha kwamba roho ya mtu huhitaji kupumzika kama mwili uhitajivyo, na kwamba iko fadhila inayotawala michezo. Naye hutoa kisa cha kale cha Mtakatifu Yohane Mwinjili. Watu walimkuta akicheza na wanafunzi wake, wakakwazika. Yohane akamwambia mmoja wao aliyekuwa na upinde apige mshale, kisha mwingine, kisha mwingine. Halafu akamwuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Ndivyo na moyo wa mtu, akasema Yohane, ukivutwa daima bila kulegezwa. Wahadzabe wa Munguli, walio mabingwa wa upinde katika mkoa wetu, wangeuelewa mfano huo mara moja. Basi burudani yenyewe si dhambi, wala chuma na mti havina dhambi. Mwana amefuata sheria ya nchi anayokaa, hakumnyang'anya mtu, hakuwanyima watoto wake chakula. Kwa swali la kwanza twajibu: la, kwa kununua tu hakutenda dhambi.

Lakini liko neno moja katika barua ambalo limetusimamisha, nalo ni neno rahisi. Mzee amelitaja mara nne. Alizinunua kwa kuwa zilikuwa rahisi. Mtu wa Singida hafundishwi habari za bei ya mnadani. Akiona fahali mnene, mwenye meno mazuri, anauzwa kwa nusu ya bei ya wenzake, hamkimbilii. Hukaa akauliza ana nini. Pengine mwenye naye anahama. Pengine ana karo ya kulipa. Na pengine ni ng'ombe mwenye kupiga watu pembe. Sheria ya Musa, katika kitabu cha Kutoka, yalijua jambo hili: ng'ombe akimwua mtu, mwenye ng'ombe hana hatia; lakini ikiwa ng'ombe huyo alikuwa na desturi ya kupiga pembe tangu hapo, na mwenyewe alikwisha kuonywa, naye hakumfunga, damu ni juu yake. Bunduki ya vita haina haja ya kuonyewa. Kupiga pembe ndiko kulikoifanya iundwe.

Sasa kwa nini huwa rahisi? Kwa sababu mwenye kuiunda amepata iliyo bora, naye hataki kulisha mbili. Angeweza kuiyeyusha. Lakini kuyeyusha ni hasara na kuuza ni faida hata ikiwa ndogo, kwa hiyo huiuza kwa jumla, kwa makasha, bila kuuliza itafika wapi. Askari akizeeka hustaafu, mkono wake hutetemeka, macho yake hufifia, na ugomvi wa ujanani humtoka. Bunduki haistaafu. Ikipakwa mafuta, ile ya mwaka 1943 huua leo sawasawa na siku ilipotoka kiwandani.

Nchi yetu ilijifunza haya zamani, tena hapa hapa. Mwaka 1866 Waprusia waliwashinda Waaustria huko Sadowa kwa bunduki za kujazwa nyuma, na majeshi yote ya Ulaya yakaona kwamba zile za kushindiliwa mdomoni zimepitwa. Yakabadilisha silaha, kisha baada ya miaka michache yakabadilisha tena. Na kila badiliko lilitupa sokoni bunduki kuukuu kwa malaki. Nyingi zilishuka Unguja. Mwaka 1888 Balozi wa Uingereza huko, Kanali Euan-Smith, aliandika kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 huingia barani kwa mwaka mmoja kupitia kisiwa kile. Zilipandaje huku? Kwa mabega ya wapagazi, kutoka Bagamoyo hadi Ugogo, na kutoka Ugogo kupitia Mgunda Mkali, pori lile la vichaka ambalo leo treni hulipita kwa Manyoni na Itigi. Zilinunuliwa kwa pembe za tembo. Zikamwua tembo ili pembe zake zinunue bunduki nyingine.

Katika nchi hiyo alitokea Nyungu ya Mawe, mtu wa ukoo wa watemi wa Unyanyembe, aliyewatiisha Wakimbu kwa jeshi la ruga-ruga, vijana wasio na kwao, wenye bangi na magobore. Kaskazini yake alitawala Mirambo kwa namna iyo hiyo. Wote wawili walifariki mwaka 1884. Hatusemi kwamba bunduki za Ulaya ndizo zilizowafanya kuwa watu wa vita. Mirambo alikuwa na akili ya utawala ambayo hata Wazungu waliistaajabia. Twasema tu kwamba mtemi wa zamani aliyetaka vita alihitaji kuwashawishi wazee wenye mikuki na watu wao. Bunduki ilipokuwa rahisi, kijana yeyote asiye na mzee wa kumkemea aliweza kupewa moja akawa jeshi. Na katika makarani wale wa Ulaya walioandika hesabu za mauzo, hakuna aliyelijua jina la Mgunda Mkali.

Mwaka 1890 wakuu wa mataifa walikutana Brussels ili kuikomesha biashara ya watumwa, wakakataza bunduki za kisasa zisiingizwe Afrika kati ya nyuzi 20 za kaskazini na nyuzi 22 za kusini. Lakini bunduki za gumegume, pamoja na baruti ya kawaida, ziliachiwa njia, kwa kuwa zilihesabiwa kuwa vitu vya kale. Kana kwamba mtu aliyeuawa kwa gumegume hafi sana! Hata Wadachi wenyewe, vita ilipozuka mwaka 1914, waliwapa askari wao wengi wa Kiafrika bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, ambayo jeshi la kwao lilikuwa limekwisha kuiacha. Baruti yake ilitoa moshi mzito uliomwonyesha adui mahali askari alipojificha. Bei ilipunguzwa Berlin, na aliyelipa kilichopungua ni kijana wa Kinyamwezi aliyelala nyuma ya kichaka. (Wanyaturu husimulia habari za Liti, mama aliyewapinga Wadachi kwa kuwatumia nyuki. Nyuki angalau jioni hurudi mzingani.)

Mtu atasema: hayo ni ya kale, na Texas si Ukimbu. Basi tutazame Texas yenyewe. Mwezi wa Machi 1963 kijana mmoja alikata karatasi ya tangazo katika gazeti la wapenda bunduki, akaijaza jina lisilo lake, akaipeleka kwa posta pamoja na hundi ya dola 21 na senti 45 kwa duka moja la Chicago. Akaletewa kwa posta bunduki ya Kiitalia aina ya Carcano, iliyoundwa mwaka 1940 kwa ajili ya jeshi la Mussolini, ikiwa na darubini juu yake. Bei ya bunduki na darubini ilikuwa dola 19 na senti 95. Zilizobaki zilikuwa gharama ya kuisafirisha. Tarehe 22 Novemba mwaka ule ule, mjini Dallas, bunduki hiyo ilimwua John F. Kennedy, Rais wa kwanza Mkatoliki wa Marekani. Mwenye duka hakuvunja sheria yoyote. Alipokea fedha, akafunga mzigo, akaandika anwani. Ilipofika mwaka 1968 ndipo Wamarekani walipokataza bunduki zisiuzwe kwa posta namna ile. Italia ilikuwa imekwisha kufanya amani, Mussolini alikuwa amekufa miaka 18 kabla, na bunduki yake ilikuwa bado inatafuta mtu wa kuielekeza.

Na katika Uganda, mwezi wa Aprili 1979, askari wa Idi Amin walipokimbia kambi ya Moroto waliiacha ghala ya silaha bila mlinzi. Wakaramoja wakaingia, wakachukua. Hapo hakukuwa na bei hata kidogo. Ugomvi wa ng'ombe ambao zamani ulimalizwa kwa mikuki ukawa wa bunduki za kivita, na zaidi ya miaka 20 baadaye Serikali yao ilikuwa bado inawaomba watu wazirudishe.

Msomaji atazame sasa mahali ubaya ulipoingilia katika visa hivi vyote. Haukuingia pale bunduki ilipokaa ukutani au kabatini mwa mtu aliyeijua na kuitunza. Uliingia ilipotoka mkono mmoja kwenda mwingine, na mkono uliotoa haukujali ni nani aliyepokea. Bei rahisi ndiyo inayoulegeza mkono huo. Kitu cha thamani mtu hukikabidhi kwa mashahidi. Kitu cha bei ya chini hukitupa tu. Kwa hiyo mkusanyaji mwaminifu, huyu mtu anayesingiziwa kiu ya damu, huenda anatenda jema asilolijua. Bunduki ambayo ingezunguka duniani kwa miaka mingine 80 imefika kwake, imetiwa kufuli, safari yake imekoma. Ila amri ya tano humfuata hapo: sharti akubali kuwa ndiye mwisho wa njia, au amjue yule atakayemfuata.

Ndiyo sababu, kwa heshima yote, hatukubaliani na mama kuhusu swali la pili. Yeye adhani kwamba mwanawe akiuza, jambo limekwisha. Mama yetu, kuuza si kuondoa. Bunduki nne zilizofungiwa kabatini mwa mtu mpole, ambaye wewe mwenyewe ulimlea, zitakuwa nne mikononi mwa watu usiowajua. Katika jimbo lile sheria humruhusu mtu binafsi kumwuzia mkazi mwenzake wa jimbo hilo bila kupita kwa mfanyabiashara mwenye leseni. Yaani wawili waweza kukutana mahali pa kuegesha magari, fedha ikatoka, bunduki ikaingia, nao wasionane tena. Hapo ndipo dhamiri ya mwana itakapopimwa, wala si siku ile aliponunua.

Je, basi fedha haiwezi kuwa safi? Yaweza. Azipeleke kwa mwenye duka aliye na leseni, ambaye kwa sheria hana budi kuuliza serikalini habari za mnunuzi kabla ya kumpa. Au amwuzie mkusanyaji mwenzake anayemjua kwa miaka, mtu ambaye angeweza kumwachia watoto wake nyumbani. Bila shaka mwenye duka atataka faida yake, na pengine karo ya binti itapungua kwa muhula mmoja. Upungufu huo ndio bei halisi ya zile bunduki, ambayo mwana hakuilipa siku ile alipozipata rahisi. Akipenda kubaki na moja, ile ya mwaka 1943, hatumkatazi. Lakini aandike wosia, aseme wazi itakwenda kwa nani atakapofariki, kwa maana wajane wengi huachiwa kabati wasilojua ufunguo wake uko wapi, na mjane mwenye dhiki huuza upesi, tena kwa yeyote.

Mzee ameuliza pia, kwa kupita tu, kama mwana angeweza kuileta moja nyumbani itundikwe sebuleni kwa ukumbusho wa babu yake aliyekuwa askari wa King's African Rifles. Hapa hatuna maneno mengi: la. Sheria yetu ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi haimruhusu mtu kuingiza bunduki nchini bila kibali, wala kuimiliki bila leseni yake mwenyewe, nayo leseni ni ya mtu, hairithiwi kama shamba. Hata kama kibali kingepatikana, tusingemshauri. Kinachokuwa mchezo mahali penye viwanja vya shabaha, makabati ya chuma na watu waliozoea, si mchezo katika nyumba ambayo mlango wake hufungwa kwa kitasa kimoja na kijiji kizima chajua kilichomo. Twakumbuka yaliyowapata tembo wa nchi hii: kutoka 109,000 hivi mwaka 2009 hadi 43,000 hivi mwaka 2014. Waliouawa waliuawa kwa bunduki za kila namna, za leseni na zisizo na leseni, na baadhi zilikuwa zimeazimwa usiku kwa watu waliojiita waungwana mchana. Babu akumbukwe kwa picha yake na kwa nishani zake.

Tulikuwa tumekwisha kuandika hayo tulipoigeuza barua na kuona mistari miwili chini ya sahihi. Mzee asema kwamba yeye si mgeni wa silaha, kwa kuwa gobore la marehemu baba yake liko bado darini, katika nyumba ya jikoni, na hakuna aliyeligusa tangu mazishi, miaka ya 1980. Halina karatasi yoyote. Wajukuu hulala huko wakati wa likizo kwa sababu kuna joto.

Basi, mzee wetu, miezi yote hii umekosa usingizi kwa ajili ya bunduki nne zilizo ng'ambo ya bahari, zenye namba, zenye kufuli na zenye mwenyewe. Simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Gobore lililoshindiliwa laweza kukaa miaka mingi, na baruti yake, ikiwa kavu juu ya moshi wa jiko, ikabaki nzima. Mwaka 1890 walisema ya kale hayadhuru. Tusiseme hivyo Iramba. Katika mwaka 2022, na tena mwaka 2023, Serikali ilitoa miezi ya Septemba na Oktoba ili watu wasalimishe silaha kwa hiari bila kushtakiwa, na Umoja wa Afrika umeuweka mwezi wa Septemba kuwa mwezi wa msamaha wa namna hiyo. Lakini usingoje mwezi. Usilishushe mwenyewe, wala usimtume kijana alishushe, wala usilibebe barabarani. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji umweleze, kisha nendeni pamoja kituo cha polisi mikono mitupu, mseme liko wapi na lilikuwa la nani, ili waje walichukue wao. Na wajukuu walale nyumba kubwa tangu leo.